Gari Lililonukia Vizuri Mno

Binti yangu tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Anaongea akila, anaongea akiogeshwa, na akilala anawagombeza watu wa ndotoni. Jirani wa ukuta wa pili aliwahi kuniuliza kama tuna redio iliyoharibika swichi. Kwa hiyo ugonjwa wa mwanangu mimi siutambui kwa kikohozi. Nautambua kwa kimya. Pumu ikimkaba, kinachotangulia kuondoka ni maneno. Nyumba inatulia, na mimi naacha chochote nilichoshika.

Asubuhi moja ya mvua alinyamaza nikiwa nakoroga uji. Dawa yake ya kuvuta ilimpa nafuu kidogo, kisha ikawa kama anavuta hewa tupu. Tulimkimbiza hospitali kwa bodaboda, yeye katikati amefunikwa koti la baba yake, mimi nyuma nimemkumbatia, dereva akikwepa madimbwi huku akigeuka kuniuliza, "Mama, bado anapumua?" Daktari alipomaliza kumhudumia alivua miwani, akasema kwa upole kwamba tumewahi, ila tumewahi kwa kubahatisha. Siku nyingine asiletwe juu ya pikipiki kwenye mvua, na asicheleweshwe.

Mume wangu ni mwokaji wa mikate, mtu wa mikono mizito na maneno machache. Alitukuta hospitali, tukarudi naye nyumbani. Alikaa kitandani bila kuvua viatu, akamtazama mtoto aliyelala.

"Tununue gari," akasema.

Tulicheka wote wawili, kisha tukaacha kucheka. Kulikuwa na akiba yake ya kiwandani, kulikuwa na yangu ya udobi, na zamu yangu ya kupokea kwenye mchezo wa kuchangiana wa kina mama ilikuwa imekaribia. Ukikusanya zote, unapata gari moja lililokwisha tumika. La kukosea halimo.

Mimi nasoma madarasa ya jioni, nikitoka kufua. Wiki ile mwalimu wa sayansi alichora mapafu ubaoni, yakawa kama mti uliopinduliwa, shina juu, matawi chini, vitawi vidogo mpaka chaki ikashindwa. Wenzangu walinakili. Mimi nilikaa na kalamu hewani, nikiwaza kwamba mwanangu anatembea na mti huo kifuani, na kuna kitu kinakuja kuukaba tawi kwa tawi, nami sijui kimejificha wapi.

Gari la kwanza tuliloonyeshwa lilikuwa la Bibi Mwalimu. Huyu ni mwalimu mstaafu, anakaa karibu na bonde la barabara inayoelekea hospitali, alimfundisha mume wangu hesabu, na mpaka leo anamwita "wewe wa dawati la nyuma." Gari lake zamani lilikuwa la bluu. Alianza kututajia ubaya wake hata hatujauliza. Asubuhi linachelewa kuwaka, halitaki kuharakishwa. Mlango wa kushoto haufungi mpaka uusukume kwa nyonga. Redio ilinyamaza wiki aliyofariki mumewe, naye hakuona sababu ya kuitengeneza. Vioo ni vya kuzungusha kwa mkono. Chiriku alizungusha kimoja juu na chini, juu na chini, akimhadithia Bibi habari za paka wetu, mpaka nikaona haya.

Tulipotoka getini mume wangu alikuwa anatabasamu. "Nikilipeleka hili kazini, wenzangu watanichangia."

Nikamwambia angalau bibi hajatuficha kitu. Akasema ndiyo, hajaficha, kila kitu kinaonekana barabara nzima.

La pili lilikuwa kwenye yadi, jirani na duka ambako mume wangu hupeleka mikate. Mwenye yadi kila mtu anamwita Mjomba, naye kila mtu anamwita shemeji, hata askari wa barabarani. Aliniita shemeji mara nyingi sana siku ile, na hakuna ndugu yake aliyenioa. Gari lilikuwa la rangi ya fedha, linang'aa hata kwenye kivuli, viti bado vimevishwa nailoni. Bei yake ilikuwa inatutosha, jambo lililonishangaza na kunifurahisha kwa pamoja. Fundi tuliyekwenda naye, rafiki wa mume wangu, alifungua boneti, akalisikiliza, akalala chini, akainuka akijipangusa. Injini nzima, alisema. Imefunguliwa na kufungwa upya na mtu anayejua kazi.

Nilipofungua mlango wa nyuma, manukato yalinipiga usoni. Kulikuwa na kichupa kwenye kioo cha mbele, kingine nyuma, na kitu kama sabuni chini ya kiti. Chini ya harufu zote hizo, mbali kabisa, nilinusa kitu ninachokijua. Shuka ikikunjwa kabla haijakauka, ukaiweka kabatini, ukiifungua baada ya wiki ina harufu yake. Hata ukiimwagia marashi, ipo.

"Naona kama panavunda," nilimnong'oneza mume wangu.

"Pua ya dobi hiyo," akasema. "Leo iache kazini, tafadhali."

Nikacheka, nikaiacha. Maana kulikuwa na jambo jingine lililonivuta. Mama mkwe wangu, anayempenda Chiriku kuliko anavyotupenda sisi, ana sheria moja: kifua cha mtoto yule hakitaki upepo. Kwake madirisha hufungwa tangu jua likiwa juu. Kila anapokaribia kuugua tunamfunika na kumfungia, ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo tunavyofanya. Na katika gari hili Mjomba alinionyesha kitufe. Nilikigusa kwa kidole kimoja, vioo vyote vinne vikapanda pamoja taratibu, vikaziba mpaka kelele za barabara zikakatika. Nilikaa mle ndani kwenye utulivu ule nikasema moyoni, hapa hapapenyi kitu.

Hivyo ndivyo tulivyolichagua. Kwa vioo.

Tulitoa arbuni. Mjomba, akijionyesha muungwana, akatuambia tukae nalo mpaka Jumatatu. "Lizoeeni, shemeji. Likiwakataa, nirudishieni."

Sikuipenda ile kauli, lakini ilikuwa Ijumaa na jua lilikuwa zuri.

Jioni hiyo tulizunguka mtaa. Chiriku alisimulia kila tulichopita: duka, ng'ombe, mtu mwenye ndevu, duka tena. Tulipokata kona ya kurudi alikohoa. Kidogo tu. Tukasema ni furaha, tukapandisha vioo. Alikohoa tena. Tulipofika nyumbani alikuwa anatazama nje bila kusema anachokiona.

Nilimpa dawa, akatulia, na usingizini akamgombeza mtu kama kawaida yake. Nikashukuru.

Jumamosi tulikwenda kumwonyesha mama mkwe. Alilizunguka gari mara mbili, akagonga vioo kwa kucha, akasema sasa hapo mjukuu wangu atapona. Tukarudi vioo vimefungwa. Kabla hatujafika Chiriku alikuwa ameweka kichwa mapajani mwangu, mdomo wazi, na sauti ile nyembamba ikipita kifuani kama mtu anayepuliza kwenye tundu la ufunguo. Mume wangu alinitazama kwenye kioo chake. Akasema ni vumbi la kwa mama. Nikakubali, maana nilitaka liwe vumbi la kwa mama.

Alasiri niliketi kibarazani nikipiga pasi nguo za watu, gari limeegeshwa mbele yangu, halina mtu ndani. Loki za milango zikalia: tak. Zikajifunga zote nne. Nikaangalia mkono wangu, nikaangalia mlangoni, ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye msumari wake. Baada ya muda, tak, zikajifungua. Kisha waipa moja ikanyanyuka, ikapangusa kioo kikavu mara moja, polepole, ikalala.

Nilimwita mume wangu. Alisimama pale na kikombe chake cha chai, tukalitazama wote, nalo halikufanya kitu.

"Linatusalimia," alisema.

"Salamu zenyewe hazina mdomo."

Alikunywa chai yake, lakini hakwenda kulifungua.

Jumapili asubuhi dada yangu alituazima kiti cha mtoto cha garini, mwanawe amekua. Kiti cha namna ile hufungwa kwa mkanda wa gari: unaupitisha nyuma ya kiti, unauzungusha, unaurudisha, kwa hiyo unahitaji mkanda wote. Mtu mzima akijifunga hutumia nusu tu. Nilipiga goti kiti cha nyuma nikauvuta. Ukaja mweusi, safi, laini. Nikaendelea kuvuta. Ukawa mgumu, unakwaruza ukitoka, kama kuna mchanga unakokunjikia. Na mwisho kabisa, sehemu ambayo mkono wa mtu haufiki, rangi ikabadilika. Ilikuwa ya udongo. Tope lililokauka, limeshika kwenye nyuzi, na linaanzia kwenye mstari ulionyooka kabisa.

Nimefua nguo zilizookolewa kwenye mafuriko. Mstari ule naujua. Maji yakijaa chumbani na kutulia, huacha mstari kama huo kwenye kila kitu kilichokuwa kimening'inia.

Nilinyanyua kona ya zulia jipya lililobandikwa sakafuni. Chini yake sifongo ilikuwa nyeusi, ina vinyweleo vya kijivu, na ile harufu ikanijia bila marashi yoyote. Niliweka mkono wangu kwenye kiti, nikaupandisha taratibu, nikipima. Maji yalikuwa yamefika juu ya kiti. Juu ya mahali ambapo kifua cha Chiriku kinafika akiwa amekaa.

Nilitoka nje nikavuta pumzi.

Mume wangu alishika mkanda ule kwa vidole viwili. Aliukwaruza kwa ukucha, akasema labda mtu alimwaga kitu. Kisha akasema, "Hapana. Sio kumwaga." Alimpigia Mjomba simu, nami nikasikia kicheko kikitoka kwenye simu kabla ya maneno. Mjomba alisema gari liliogeshwa tu, shemeji, gari gani halijawahi kulowa, na kwamba fundi wao wenyewe alilipitisha. Hilo lilikuwa kweli. Fundi aliangalia injini, na injini ilikuwa imefunguliwa, ikasafishwa, ikafungwa. Hakuna aliyefungua mikanda wala zulia, wala zile nyaya zinazopita chini yake.

Tukakubaliana: kesho asubuhi linarudi. Leo haligusi mtu.

Saa tisa mvua ilianza. Nilikuwa nakunja nguo chumbani, Chiriku yuko sebuleni anaimba wimbo alioutunga mwenyewe, una paka ndani yake. Mvua ikazidi juu ya bati, sikuusikia wimbo. Ilipopungua, sikuusikia pia.

Nilimkuta amekaa sakafuni, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Midomo imebadilika rangi. Dawa ya kuvuta haikusaidia mara ya kwanza, wala ya pili. Mume wangu alipiga simu kwa dereva wa bodaboda, kwa jirani mwenye gari dogo la mizigo, kwa nani tena sijui. Mmoja hakupokea, mwingine alikuwa mbali. Mvua ilikuwa imesimama mlangoni kama ukuta, na nyuma yake, likiwa linang'aa, lilikuwepo gari lile moja.

Tuliangaliana.

"Ni hospitali tu," alisema. "Tunafika, tunaliacha hapohapo."

Nilimfunika mtoto nikaingia naye nyuma. Maji yalikuwa yanapiga pande zote, tukafunga vioo. Mikono yetu ilifanya hivyo yenyewe. Gari likawaka mara moja, kwa sauti nzuri kabisa, na hewa ya joto ikatoka kwenye matundu ya dashibodi, na pamoja nayo ikatoka harufu ya kabatini, ya ile shuka iliyokunjwa mbichi. Nilimwambia azime hewa. Alizima. Haikuzimika.

Bondeni, karibu na shule, maji yalikuwa yamekata barabara. Hayakuwa mengi, mbele yetu mtu alipita na baiskeli. Mume wangu alipunguza mwendo, akaingia. Taa za dashibodi ziliwaka zote kwa pamoja, za rangi zote, kisha zikazima zote. Injini ikanyamaza. Na katika kimya hicho, milango ikasema: tak.

Alivuta kitasa. Nilivuta changu. Nilibonyeza kile kitufe changu kizuri, kwa kidole kimoja, kwa viwili, kwa ngumi. Vioo havikutikisika. Ndani kulikuwa hakuna sauti ya barabara, hakuna upepo, hakuna kitu kinachopenya. Kulikuwa na tundu la ufunguo tu, likipuliza, na kila mara linapuliza kidogo zaidi. Chiriku alinitazama. Alikuwa na jambo la kuniambia na hakuwa na hewa ya kulibeba.

"Vunja," nilisema.

Mume wangu alikuwa bado anahangaika na kitasa.

"Baba Chiriku. Hewa hii ndiyo inamuua. Vunja kioo."

Alichomoa mto wa kichwa kwenye kiti cha abiria, ule wenye fimbo mbili za chuma, akaupiga kwenye kioo chake. Mara ya kwanza uliteleza. Mara ya pili alipiga kwa bega zima, kwa mkono unaokanda unga tangu ujana wake, na kioo kikamwagika chote. Mvua ikaingia na upepo wake. Alitoka dirishani, akageuka, nikampitishia mwanangu juu ya viti kama unavyopitisha mkate kwenye tanuri, tena ukitoa badala ya kuingiza. Nilipotoka na mimi nimekatika kiganja, alikuwa amemwinua kwenye mvua, uso juu, hajamfunika chochote. Kama mama mkwe angetuona angezimia. Kifua kile kilivuta. Kikavuta tena. Hakikuwa kimepona, lakini kilikuwa kinapata kitu cha kuvuta.

Nyumba ya Bibi Mwalimu ilikuwa juu ya bonde. Nilimpigia simu, sikumbuki nilivyosema. Nakumbuka alivyojibu. "Nakuja, mwanangu. Usikate, nisikie." Nikasikia mlango wake, mvua yake, kisha gari likikohoa. Likakohoa tena, likazima. Nilifumba macho. Yeye hakuliharakisha. Nilimsikia akiliambia, kama anavyomwambia mtoto wa darasa la kwanza, "Pole pole. Pata pumzi kwanza." Mara ya tatu likaguna, likashika.

Lilishuka mlima likiwa na taa moja inayofifia, nami sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Mume wangu aliufunga mlango wa kushoto kwa nyonga. Mimi nilishika ule mkono wa chuma pembeni yangu nikauzungusha, kioo kikashuka, na njia nzima mpaka hospitali Chiriku alikuwa na uso wake dirishani, akinywa hewa. Daktari alikuwa yuleyule. Safari hii hakuvua miwani. Alimwekea mtoto kinyago cha oksijeni, akauliza maswali machache kuhusu mahali alipokuwa, nami nikamweleza zulia. Akasema kuvu ya namna ile inaweza kumtesa hata mtu mwenye kifua kizima.

Kulipokaribia kupambazuka nilisinzia nimeegemea kitanda chake. Kilichoniamsha ni sauti ya kukwaruza.

"Mama. Kesho ni zamu yangu kuzungusha kioo."

Nililia mpaka akaniambia ninyamaze.

Mjomba alikuja kulivuta gari lake bondeni, wala hakuturudishia arbuni yote; alikata gharama ya kioo, na tukaondoka bila kugombana, maana nguvu zetu zilikuwa na kazi nyingine. Gari la Bibi Mwalimu tunalo sasa. Alikataa tumlipe kwa mkupuo, akamwambia wa dawati la nyuma kwamba hesabu za kugawanya alimfundisha yeye mwenyewe. Asubuhi linakohoa, tunalingoja. Zulia lake nimeling'oa lote, nimelifua kwa mikono yangu, nimelianika juani siku kadhaa. Madirisha ya nyumbani tunafungua. Mama mkwe akija anajitanda khanga tu.

Ningependa habari iishie hapo. Lakini mwezi uliopita, nikitoka kufua, nilipita mbele ya yadi. Lilikuwa limeegeshwa mbele kabisa. Kioo kipya, nailoni mpya kwenye viti, vichupa vitatu vimening'inia. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na msichana wa umri wangu alikuwa amekaa ndani na kichanga begani, akicheka, kidole kwenye kitufe. Vioo vilipanda taratibu. Mumewe alikuwa pembeni anazungumza na Mjomba. Boneti ilikuwa wazi, fundi wao ameinamia injini.

Mjomba aliniona. Tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yakaondoka.

"Shemeji," alisema. "Wewe biashara yetu iliisha."

Nilimpita. Mtoto alikohoa, kidogo tu, na mama yake akampigapiga mgongo bila kuacha kucheka. Nilisimama mlangoni. Manukato yalinipiga usoni, na chini yake, mbali, ile harufu nyingine ikanisalimia.

"Dada," nilimwambia, "kabla hamjampa Mjomba chochote, shika mkanda huo hapo nyuma yako. Uvute. Usiachie njiani. Uvute mpaka mwisho."